Ukibana maji taka, membreni ndo inalipa: Fundi wa Maji anajibu

Mwezi huu barua za RO, yaani zile mashine zinazosafisha maji kwa kuyasukuma kwa presha yapenye kwenye karatasi ya membreni, zimekuwa nyingi kuliko za pampu, na ukizisoma karibu zote ni kilio kimoja: nilinunua mashine, mwanzo maji yalikuwa matamu na yanatoka kwa fujo, baada ya miezi kadhaa yanadondoka kama yana deni. Nimechukua chache, hii ya kwanza nimeipa nafasi kubwa maana mwenye barua amefanya kitu ambacho wengi hawafanyi, ameniletea na majibu ya maabara.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Usa River, Arusha, nauza maji ya madumu. Kisima changu kina floraidi, karatasi ya maabara inasema floraidi 7, silika (yale madini ya mchanga na kioo) 55, kalsiamu 6, TDS (jumla ya chumvi zilizoyeyuka) 620, zote miligramu kwa lita. Nikanunua mashine ya RO ya membreni mbili zile za inchi nne, aliyeniuzia akaniwekea na sofutena ya chumvi, ile ya kulainisha maji, akasema ndo itazuia ukoko. Mwanzo ilikuwa inanipa lita 500 safi kwa saa na lita 500 zinamwagika, tukaona hii hasara, akaja fundi mwingine akabana vali sa zikawa zinamwagika lita 80 tu. Tukafurahi. Miezi minne haijaisha vizuri mashine inatoa lita 180, nimeiosha na ndimu ya unga mara mbili haisikii. Je, membreni ni feki?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Membreni inawezekana ni nzima kabisa, yaani ilikuwa nzima mpaka siku ile vali ilipobanwa.

Membreni ya RO haili uchafu wala haiumezi popote. Maji yanasukumwa kwa presha, yale masafi yanapenya ndani ya karatasi, na kila kitu kilichokataliwa kinabaki upande wa juu kinasubiri maji mengine yaje kukisomba mpaka nje. Hayo yanayosomba ndo mnaita maji taka. Sasa wewe ukiyapunguza, chumvi na silika hazipungui, zinabaki zilezile kwenye maji machache zaidi, kama mchuzi uliosahauliwa jikoni, maji yameenda chumvi imebaki.

Tupige hesabu na namba zako mwenyewe. Mwanzo ulikuwa unaingiza lita 1,000 unatoa 500 na kumwaga 500, maana yake kila kilichomo kwenye maji taka kimejikusanya mara mbili. Silika yako 55 inakuwa 110. Kwenye maji ya nyuzijoto 25 hivi silika huwa inavumilia kubaki imeyeyuka mpaka kama 120, kwa hiyo ulikuwa ukingoni lakini ndani ya uwanja. Baada ya vali kubanwa unaingiza 580 unamwaga 80, gawanya mwenyewe, ni mara saba na robo. 55 mara 7.25 ni karibu 400! Hiyo silika haina pa kwenda isipokuwa kukaa juu ya membreni na kuganda. Na huko kwenu chini ya Meru mwezi wa sita na wa saba maji yanakuwa ya baridi, silika inayeyuka kidogo zaidi kwenye baridi, ndo maana wengine mashine inawafia kipindi hicho hicho wanadhani wamerogwa.

Sasa kwa nini ndimu haikusaidia. Ndimu ya unga ni asidi, na asidi inayeyusha chokaa, yaani ule ukoko wa kalsiamu. Wewe kalsiamu unayo 6 tu! Hapo hamna chokaa ya kuyeyusha. Na sofutena nayo kazi yake ni kutoa kalsiamu na magnesiamu na kuweka sodiamu mahali pake, silika haiigusi hata kidogo inapita kama haioni, kwa hiyo aliyekuuzia ile sofutena amekuuzia dawa ya malaria wakati unaumwa jino. Umekuwa ukinunua chumvi ya bure.

Hili la kalsiamu nataka wasomaji wa Arusha, Manyara na kule Nakuru walielewe maana ndo siri ya maji yenu. Kalsiamu ikikutana na floraidi nyingi huwa zinashikana zinazama. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano yenye kalsiamu kidogo na magadi mengi yanabaki na floraidi yake yote ikielea, na miamba hiyohiyo inatoa silika nyingi. Kwa hiyo maji yenye floraidi nyingi mara nyingi ni maji laini, sabuni inatoa povu vizuri, ukiyachemsha sufuria haishiki ukoko mweupe wa kutisha, mtu anasema maji yetu mazuri, kumbe meno ya watoto yanageuka kahawia. Na kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaiongeza, maana mvuke unaondoka yenyewe inabaki.

Kabla hujanunua chochote thibitisha. Mashine yako ina membreni ya kwanza, ile maji yanapoanzia, na ya mwisho, ile iliyo karibu na bomba la maji taka. Zitoe zote mbili, zisimamishe zichuruzike maji nusu saa, uzipime kwenye mizani. Ukoko unaanzia mwisho siku zote kwa sababu huko ndo maji yamekolea zaidi, kwa hiyo kama ya mwisho ni nzito kuliko ya kwanza, jibu unalo. Ingekuwa ni tope, kutu au utelezi wa vijidudu, ya kwanza ndo ingekuwa imechafuka zaidi. Kwa kuwa ya mwisho imeshakufa, ichane kwa kisu uifungue ile karatasi iliyozungushwa, kwaruza huo utando na kucha, dondoshea siki. Ikitoka mapovu ni chokaa. Ikitulia tuli, na utando ni mgumu unakwaruza kidole, ni silika.

Silika ikiwa mbichi, ya wiki mbili tatu, inaweza kutoka kwa kuosha na maji ya kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) yenye pH ya 11 au 12 yaliyopashwa kidogo, nyuzi 30 hivi, unazungusha unaacha iloweke unazungusha tena, lakini soma kwanza kwenye karatasi ya membreni yako mwenye kiwanda anaruhusu pH na joto kiasi gani, na uvae miwani na glovu, kostiki ikiingia jichoni hiyo si hadithi ya kusimulia. Ya miezi minne mimi ningekuambia usipoteze pesa, nunua membreni mpya. Wapo watakaokuambia kuna asidi fulani kali ya floraidi inayokula silika, ipo kweli, inakula na mifupa ya mtu, usiiguse.

Ukiweka mpya rudisha vali kwenye 500 kwa 500. Na uelewe una vali mbili usizichanganye, moja inamwaga maji taka nje, nyingine inarudisha sehemu ya maji taka kwenye pampu yazunguke tena. Ya kumwaga ndo inaamua maji yakolee kiasi gani. Ya kurudisha inaamua maji yapite kwa kasi gani juu ya membreni, na kwa membreni za inchi nne inatakiwa juu ya ile ya mwisho yapite angalau kama lita 11 kwa dakika, pungufu ya hapo uchafu unalala. Fundi wako alibana ya kumwaga akaona geji ya presha imepanda akadhani mashine imepata nguvu.

Kama kweli lita 500 za kumwaga zinakuuma, na zinauma najua, basi tafuta antiskalanti, ile dawa inayodondoshwa kidogokidogo kwa pampu ndogo kabla ya membreni, miligramu chache tu kwa kila lita. Lakini iwe ya silika, siyo ile ya chokaa ambayo ndo imejaa madukani. Kwa maji yako ikifanya kazi vizuri pengine utafika kupata safi asilimia 65 au 70 ya maji unayoingiza badala ya 50, hapo silika inakuwa kama 160 mpaka 180. Mwuzaji anatakiwa achukue karatasi yako ya maabara aiingize kwenye programu akuletee hesabu iliyochapishwa, ikionyesha dozi na mwisho wa kubana. Akikwambia "weka tu kifuniko kimoja kwa tanki" ondoka hapo dukani. Na usizidishe ukidhani ndo kuilinda zaidi, nyingine zikizidi zenyewe zinakuwa utelezi juu ya membreni.

Faida ipo sehemu ambayo hujaiangalia. RO nzuri inakutolea floraidi asilimia 90 na zaidi, kwa hiyo maji yako safi yana kama nusu miligramu, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5, na Tanzania nayo sasa ni 1.5 baada ya miaka mingi ya kuruhusu mpaka 4. Una nafasi hapo katikati. Chukua lita 9 za RO changanya na lita 1 ya kisima, floraidi inakuja kama 1.15, umeokoa asilimia 10 ya kazi ya mashine, na maji yanarudishiwa madini kidogo yanakuwa na ladha ya maji siyo ya mvua. Sharti ni mbili: hiyo lita 1 ipite kwenye filta na taa ya UV ya kuua vijidudu kwanza maana haijapita kwenye membreni, na upeleke mchanganyiko maabara upimwe, usipime kwa kukisia.

Maji taka yako, ukisharudisha vali, yatakuwa na floraidi kama 14. Chooni sawa, kudeki sawa. Usiwape ng'ombe wala kuku, mifugo nayo inaharibika meno na mifupa, usimwagilie mchicha, na tafadhali sana usiyarudishe kisimani kama nilivyoona jamaa mmoja amefanya, bomba la maji taka limeingia kwenye kisima kilekile anachovuta, anashangaa mbona TDS inapanda kila wiki.

Kwa jirani zako wasio na uwezo wa RO, mkaa wa mifupa ya ng'ombe unanasa floraidi vizuri na hauhitaji umeme, kituo cha utafiti cha Ngurdoto hapo karibu yenu wamekuwa wakiufanyia kazi miaka mingi. Ubaya wake unashiba, ukishiba unapitisha floraidi yote na macho hayaoni, ladha haibadiliki, kwa hiyo lazima kupima.

SWALI: Fundi hujambo? Mimi ni mama wa nyumba, Kisauni Mombasa. Maji yetu ya kisima ni ya chumvichumvi, birika la stima limejaa ukoko mweupe ndani. Tulinunua RO ya chini ya sinki, lakini glasi moja inachukua dakika ishirini kujaa. Tanki iko juu ya paa, kama mita kumi juu ya sinki. TDS ni 1,000. Aliyetuuzia anasema nibadilishe membreni na haijamaliza hata mwezi.

JIBU: Sijambo dada yangu. Usibadilishe kitu bado, wewe shida yako ni presha, ukoko bado hata haujapata nafasi.

Tanki ikiwa mita 10 juu inakupa presha ya bar 1. Chumvi nayo inavuta maji kwa upande wake, kila TDS 1,000 inakula kama robo tatu ya bar. Kwa hiyo imebaki robo bar ya kusukuma, na hizo membreni za nyumbani zimepimwa kiwandani kwa presha ya bar 3.5 hadi 4. Ile iliyoandikwa lita 190 kwa siku kwako haiwezi kufika hata lita 20, na ukigawa utakuta ndo hiyo glasi yako ya dakika ishirini. Hakuna aliyekuibia membreni, mlisahau tu kuuziana pampu. Ziko zile ndogo za kuongeza presha zinakaa palepale chini ya sinki, zinajizima tanki dogo likijaa.

Sasa ukishaweka pampu ndo uanze kuogopa ukoko, maana maji yatapenya kweli. Pwani yenu imekaa juu ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa tupu, kwa hiyo wewe ni kinyume kabisa cha yule wa Usa River hapo juu. Kwako sofutena ina maana. Kwako ndimu ya unga inafanya kazi. Chukua kijiko kimoja cha ndimu ya unga weka kwenye hilo birika na maji, chemsha, acha nusu saa, uone ukoko unavyobanduka, halafu suuza. Na hapa pana kipimo cha bure, ukianza kupikia chai maji ya RO birika lisishike ukoko tena. Likianza kushika, membreni imepasuka au mpira wa pembeni umeachia, hata kama maji yanatoka mengi. Hasa kama yanatoka mengi.

Kwenye bomba la maji taka kuna kifaa kidogo chembamba kinachobana, mara nyingi kimeandikwa namba. Kimepangwa kwa membreni ile, kwa kawaida lita moja safi kwa lita mbili tatu za kumwaga. Kuna mafundi wanauza kidogo zaidi cha "kuokoa maji". Mwambie hapana, au weka sofutena kwanza. Yale ya kumwagika kwako hayana sumu, ni chumvi tu, osha barabara ya geti, mimina chooni, mnazi pia hauna neno nayo sana. Kitu cha kuangalia ni kiangazi, visima vya karibu na bahari vikivutwa sana maji ya chumvi yanasogea ndani, TDS ya 1,000 inaweza kufika 3,000 na hapo hiyo mashine ya nyumbani itakuwa imezidiwa hata na pampu yake.

SWALI: Kaka mambo. Niko Mbagala Dar. Kuna vijana walipita na mashine wakachovya vyuma viwili kwenye glasi ya maji yetu, maji yakageuka rangi ya matope, yakatoka na mapovu machafu, nilitapika kabisa. Wakachovya kwenye maji yao ya RO yakabaki meupe. Ninunue?

JIBU: Poa kaka. Hao wapo mpaka Nairobi na Kampala, na ni mchezo. Kimoja kati ya vile vyuma ni chuma cha kawaida, umeme ukipita kinayeyuka kinatoa kutu, ile kahawia uliyoona ni kutu ya chuma chao, haikuwa kwenye maji yako. Umeme unapita kirahisi kwenye maji yenye chumvi za kawaida na haupiti vizuri kwenye maji yaliyotolewa chumvi zote, basi. Siku wakirudi waombe glasi yao ya maji safi, tia chumvi ya mezani kidogo tu kwa vidole, waambie wachovye. Utaona uso.

Ile kalamu yao ya TDS ni ya kweli ila haisemi wanachosema. Inapima chumvi zote kwa jumla, haijui floraidi wala naitreti, na kipindupindu kwake ni sifuri. Kisima cha Mbagala kilicho karibu na vyoo vya shimo kinaweza kuwa na TDS nzuri ya 300 na kikakulaza hospitali. Peleka chupa maabara, uliza naitreti, uliza vijidudu vya kinyesi, uliza kloraidi, halafu ndo ujue kama unahitaji RO au klorini ya buku tatu inatosha.

SWALI: Fundi, Dodoma hapa. Tunamwaga klorini kwenye tanki kubwa kabla ya RO ili tuue vijidudu. Sa maji safi yamekuwa mengi kuliko mwanzo, lakini yana chumvi. Imekuwaje?

JIBU: Mmeiunguza. Membreni za siku hizi ni za poliamaidi, aina ya plastiki, na klorini inakata ile ngozi yake, matundu yanakuwa makubwa, maji yanapita na chumvi yake. Haitengenezeki. Kuna vitabu vya zamani vinasema membreni inavumilia klorini, vinazungumzia zile za selulosi za miaka ya 1960, ambazo ni kweli zilikuwa zinavumilia kiasi, hizi zilizokuja mwishoni mwa miaka ya 1970 hazivumilii. Klorini endeleeni nayo kwenye tanki, ni vizuri, ila ikifika kabla ya membreni itolewe, ama kwa filta ya kaboni ama kwa kudondosha metabisulfaiti ya sodiamu, dawa inayoua nguvu ya klorini. Nunueni na vile vikaratasi vya kupimia klorini, chovya baada ya kaboni kila asubuhi kabla ya kuwasha. Kaboni ikichoka haipigi kelele.

SWALI: Asalaam aleikum. Nakuandikia kutoka Muscat, Oman. Huku karibu maji yote ya bomba ni ya bahari. Bahari ina chumvi mara nyingi kuliko kisima chochote, mbona hao hawapati ukoko kila siku? Na ni salama kunywa?

JIBU: Waaleikum salaam. Swali zuri na jibu lake linawahusu hata wa visimani.

Hao hawana tamaa. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 hadi 40 kwa lita, wanayasukuma kwa presha ya bar 55 mpaka 70, na katika kila lita 100 wanazoingiza wanachukua kama 40 tu, 60 zinarudi baharini. Kwa hiyo yanakolea hata mara mbili hayafiki, 1.7 hivi, na silika ya bahari ni kidogo mno. Mwenye kisima kidogo, kama yule wa Usa River, ndo anataka kutoa asilimia 86! Ila kurudisha 60 kuna gharama, yanatoka yakiwa bado na presha kubwa, kwa hiyo wana vifaa vinavyochukua ile presha ya maji taka vinayapa maji mapya yanayoingia, bila hivyo bili ya umeme ingewamaliza. Vituo vipya viko kwenye kilowati-saa 3 hadi 4 kwa kila lita 1,000, pampu zote zikihesabiwa.

Ukoko hasa walihangaika nao enzi za kuchemsha. Kituo cha Ghubrah hapo kwenu kilianza 1976 kwa kuchemsha bahari na kukusanya mvuke, membreni zimekuja baadaye, na maji ya bahari yakipashwa sana yanatema chokaa na jasi ndani ya mabomba. Walikuwa hawapandishi joto kupita kiasi, wanatia dawa, na kuna mitambo inapitisha vimipira vya sponji ndani ya mabomba vinakwangua huku kazi inaendelea, ukiviona unaweza kudhani ni vya watoto.

Adui wa membreni za bahari ni vitu hai. 2008 na 2009 mwani mwekundu ulivamia Ghuba ya Oman na maji ya jirani, filta za mwanzo zikaziba, vituo kadhaa vya maji vikalazimika kusimama. Kule Sur wamepunguza hiyo shida kwa kuchimba visima ufukweni, bahari inachujwa na mchanga wenyewe kabla haijafika kwenye mashine.

Kunywa kunywa tu. Maji yakitoka kwenye membreni yanakuwa matupu na yana njaa, yakiachwa hivyo yanakula mabomba, kwa hiyo kituoni wanayapitisha kwenye mawe ya chokaa au wanatia chokaa na kaboni dayoksaidi mpaka yapate kalsiamu. Wanatoa chokaa ikiwa inaleta ukoko, wanairudisha kwa kipimo. Ukiweka RO nyingine nyumbani kwako Muscat unatoa tena kile walichokirudisha, mimi sioni sababu, labda kama tanki lako la juu ni chafu, na tanki chafu linaoshwa halinunuliwi mashine.

SWALI: Fundi tunafunga biashara mwezi mzima, tunaenda kijijini. RO tuiache vipi?

JIBU: Fupi hili. Kabla ya kuzima fungua vali ya maji taka yote, presha chini, pitisha maji safi ya RO yenyewe robo saa yasombe yale yaliyokolea, maana usiku ule wa kwanza mashine ikiwa imesimama ndo ukoko unapenda kukaa. Hii hata wasiosafiri wafanye kila wakizima jioni. Kwa mwezi mzima sasa, koroga metabisulfaiti ya sodiamu gramu 10 kwa kila lita ya maji ya RO, zungusha ijae ndani ya membreni, funga vali zote hewa isiingie. Membreni isikauke, ikikauka imekwisha. Mkirudi mwageni maji ya saa nzima ya kwanza kabla ya kujaza dumu la mteja, na aliyebaki na ufunguo aambiwe asiiwashe "kuijaribu".